Mguu Mbovu wa Baba Kidawa

Jana usiku niliota mpira umepiga hodi nyumbani kwangu, na kwa kuwa ulikuwa na adabu, nikaufungulia.

Ulikuwa mpira ule ule niliouchora mwenyewe kwa penseli, siku za mwanzo za darasa. Uliingia jikoni kwa kudunda, na kila ukitua ulisema "aa!" kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Magoti."

"Mpira hauna magoti."

"Ndiyo maana maumivu yameenea mwili mzima."

Kabla sijaendelea niseme mpira huu ulitokea wapi, maana kuna watu wakisikia bibi kizee anazungumza na mpira wanakimbilia kuwapigia simu watoto wake.

Mimi najifunza kuchora katuni zinazotembea. Hapa Muheza, kwenye ukumbi mmoja wa zamani, kuna msichana anaitwa Mwalimu Tunu, ndiye anayetufundisha. Hakuna mashine ya kukuchorea. Unachora kwa mkono, karatasi juu ya karatasi, na chini yake kuna kioo chenye taa ili uione picha iliyopita, uisogeze kidogo tu kwenye picha mpya. Mwisho Mwalimu anazipitisha zote haraka haraka, na kitu ulichokichora kinajongea. Siku ya kwanza nilienda nikidhani wanagawa vyandarua. Nilipojua si vyandarua nikaona aibu kutoka mbele za watu, nikabaki. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini penseli nilikuwa nimewahi kuishika.

Kazi ya mwisho, kila mmoja achore mtu anayetembea. Wenzangu, ambao wote ningeweza kuwazaa mara mbili, wakachora wacheza kandanda na wasichana wa viatu virefu. Mimi nikamchora marehemu mume wangu, Mbelwa, baba yake Kidawa. Alikuwa anachechemea tangu ujana wake. Akikaa hujui kitu, akiinuka ndiyo unaona. Picha zake nilizonazo zote amekaa, kwa sababu mpiga picha alikuwa anakuja na kiti chake. Wajukuu hawakumkuta. Nikasema nitawachorea babu yao atembee, angalau wamjue kwa mwendo.

Sasa jana mchana Mwalimu Tunu alizipitisha picha zangu, akaangalia, akazirudisha, akaangalia tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, na wote wakasikia.

"Bibi Mwajabu, huyu babu anachechemea mguu gani? Hapa akianza ni wa kushoto, akifika katikati ni wa kulia."

Nikajibu, "Yote miwili."

"Anayechechemea yote miwili, Bibi, huyo anatembea kawaida."

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wao, kama mtu aliyekalia sindano na hataki wageni wajue. Ukweli ni kwamba sikumbuki. Mume nimeishi naye, nimempikia, nimegombana naye, nimemlilia, na sijui mguu wake mbovu ulikuwa upi.

Na leo jioni picha zetu zote zinaonyeshwa pale ukumbini kwenye shuka jeupe. Watoto wangu wanakuja, wajukuu wanakuja, na wifi yangu Mwantumu, dada yake Mbelwa, ameshasema anataka kiti cha mbele. Ningeweza kumuuliza yeye. Lakini mke gani anamwendea wifi yake kumuuliza mume wangu alichechemea mguu upi? Afadhali ningemuuliza jina lake.

Basi nililala na aibu hiyo, tena chali, jambo ambalo daktari amenikataza. Ndipo mpira ukapiga hodi.

"Umenidundisha kama jiwe," mpira unaniambia. "Nikitua sibonyei, nikiruka sirefuki. Mwalimu aliwaambia nini?"

"Kibonyee kikitua, kirefuke kikiruka."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilikuwa napiga miayo."

Mpira unanitazama kwa muda, na kwa kitu kisicho na macho, unatazama vibaya sana. "Vaa viatu," unasema. "Unaitwa kurekebishwa."

"Mwalimu Tunu anasema kinachorekebishwa ni kazi, si mtu."

"Huko ni darasani. Huku tunaanzia kwa mtu."

Nataka kusimama, siwezi. Mpira unanikumbusha kanuni: kitu hakiondoki hivi hivi, kinajikusanya kwanza upande wa pili. Ukitaka kwenda juu, zama kwanza. Ukitaka kwenda mbele, rudi kwanza. Basi najikunja hadi kidevu kinagonga goti, ndiyo nasimama. Ili nitoke mlangoni inabidi nirudi nyuma hadi mgongo uguse kabati. Na kabla ya kusema "twende" lazima nifumbe mdomo kwanza na nitulie. Hiyo ya mdomo niliipenda. Kuna watu kwenye ukoo wetu ingewafaa.

Nikatoka mlangoni, na hapo hapo nikawa katikati ya soko.

"Tumepita njia gani?" nikauliza.

"Hatukupita," mpira ukasema. "Ulichora mlango, ukachora soko. Picha za kati hukuchora."

"Nilikuwa nitazichora."

"Kila mtu husema hivyo."

Hapo ulinishika. Mwalimu Tunu anatuambia kila siku: picha ya mwanzo na picha ya mwisho ni tamu kuchora, kila mtu anazikimbilia, kazi iko kwenye zile za kati, ambazo hakuna atakayekusifu kwa ajili yake, lakini ukizikosa kila mtu ataona. Mimi za kati nazikwepa kama vyombo vichafu. Sasa nimesimama sokoni na pumzi zangu bado ziko jikoni.

Ushungi wangu ulifika baadaye. Hiyo nayo ni kanuni, mwili ukisimama nguo hazisimami nao, zinaendelea kidogo ndipo zirudi. Mimi nimesimama, ushungi umenipita, umefika hadi kwenye lundo la machungwa, umegeuka, umerudi kichwani. Na si ushungi peke yake. Kuna vitu vyangu vingine navyo vilichelewa kusimama, lakini vina umri wao, tuviache.

Watu wa soko lile niliwajua wote, maana niliwachora mimi mwenyewe wakati wa mazoezi, nikawaacha njiani. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kichwa chake kilikaa juu ya mabega moja kwa moja.

"Bibi, shingo yangu iko wapi?"

"Karatasi iliishia hapo."

"Mimi siwezi kugeuka. Watoto wangu nawajua wa mbele tu."

Nikajifanya nachagua machungwa. Machungwa ndiyo pekee yaliyokuwa yanadunda vizuri pale, yanabonyea, yanarefuka, raha tupu. Nikataka kujisifu, nikakumbuka aliyachora msichana anayekaa kiti cha pili kutoka kwangu.

Akanijia mwanaume mmoja wa makamo, mikono yote miwili mfukoni. Nyuma yake wengine, nao mikono mfukoni. Soko zima, wauzaji na wanunuzi, mikono mfukoni.

"Bibi," akasema, "tuna swali. Kwa nini hivi?"

"Mnapendeza. Mnaonekana watu wa heshima zenu."

"Bibi."

"Basi. Vidole vinanishinda."

"Mgongo unaniwasha tangu Jumatatu."

Niliona uso wake ukiwa umenyooka kabisa, kwa sababu hata kukunja uso sikumfundisha. Nikafanya lililobaki. Nikamzunguka, nikamkuna.

"Juu kidogo," akasema. "Sasa kushoto. Hapo, Bibi. Mungu akuweke."

Nilipoinua macho foleni ilikuwa imefika kwenye banda la samaki. Nikawakuna wote. Mimi, mwanamke wa umri huu, mjane, nimesimama sokoni mchana kweupe nawakuna wanaume migongo mmoja baada ya mwingine, na wapita njia wanaangalia. Nikainama kuficha uso, nikaokota chungwa, na nilipoinuka nilikuwa ukumbini.

Picha za kati, tena.

Ukumbi umejaa. Shuka jeupe limetundikwa ukutani. Kwenye meza ya kioo, taa ikimmulika kwa chini, amekaa Ufutio, ile raba ya kufutia penseli, mnene, mweupe, pembe moja nyeusi kwa kazi. Kwa kuwa ndiye mwenyekiti, siwezi kumwita kitu. Kila neno analolisema linampunguza, chembe zinamdondoka mapajani, kwa hiyo hapotezi maneno.

Na kiti cha mbele amekaa wifi Mwantumu, mkoba mapajani, anamung'unya peremende.

"Mleteni," Ufutio anasema.

Kwenye shuka anaingia Mbelwa. Yule wangu wa kuchora. Kofia yake, koti lake, kola upande. Anatembea lakini hakanyagi. Miguu ikienda yeye anabaki, miguu ikisimama yeye anaenda. Anachechemea kushoto, anabadili mawazo, anachechemea kulia, kisha anachechemea katikati, mahali ambapo mtu hana mguu.

Wifi akaacha kumung'unya.

"Huyu ndiye kaka yangu?"

"Ndiye, wifi."

"Kaka yangu alikuwa mtu mzito. Akiingia nyumbani vikombe vinamjua. Huyu nikipiga chafya anatokea dirishani."

"Ni mazoezi tu, wifi."

"Mazoezi ya nini? Mtu kafa mara moja, kazikwa vizuri, unamuua tena kwa penseli?"

Watu wakaguna. Wengine niliwafahamu, wa mtaani kwetu. Na wale wa sokoni nao walikuwepo, wametuliza migongo.

Ufutio akanielekea. "Mguu upi?"

Nikafumba mdomo kwanza kama kanuni inavyotaka. Nikatulia. Nikazidi kutulia.

"Ule wa upande wa barabarani," nikasema.

"Akienda, au akirudi?"

Ukumbi mzima ukainama kunisikiliza. Mpira nao ukaacha kudunda.

Sijui niwaelezeje, lakini ndani ya ndoto ile aibu ilikuwa na kilo. Ilinishukia kichwani, na mimi nikabonyea. Mwalimu Tunu amekwisha kutuambia kwamba kitu kikibonyea hakipungui, kinahama tu. Unachopoteza kwa urefu unakipata kwa upana. Basi nikapungua urefu, nikaongezeka upana. Nikawa kigoda. Nikawa sinia. Mwisho nikawa mkeka, nimetandazwa sakafuni mbele ya watu wote, na wifi Mwantumu akainuka kitini kwake, akaja, akavua viatu, akanikalia.

"Samahani, wifi," akasema. "Kile kiti kina msumari."

"Kaa tu, wifi. Ndiyo matumizi yangu."

Ufutio akamgeukia yeye. "Wewe dada mtu. Mguu upi?"

"Wa kulia," wifi akasema haraka.

Ufutio akamwelekezea ile pembe nyeusi.

"Yaani wa kushoto. Wa kushoto ule." Akafungua mkoba wake, akachungulia ndani kana kwamba mguu umo humo. Akaufunga. "Mimi niliolewa mapema, nikapelekwa Pangani. Akija kwangu namkuta kashakaa."

Nilikuwa mkeka, na mkeka unasikia mambo. Akainama, akajifanya anatengeneza nguo, akaninong'oneza.

"Wifi, wewe unajua?"

"Sijui, wifi."

"Hata mimi sijui! Tumeliweka wapi hili?"

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, na mimi ndiye niliyekaa juu ya shahidi?"

Miaka yote tumeshindana, nani anapika pilau vizuri, nani analia vizuri msibani, na sasa tumegonga ukuta mmoja. Na mimi nikaingiwa na baridi ambayo sikuitarajia. Jana nzima nilikuwa naogopa kuaibishwa na mtu anayejua. Kumbe hakuna anayejua. Mguu ule haupo kwa wifi, haupo kwa watoto, maana wao walikuwa wadogo na wanakumbuka peremende tu alizowaletea. Umebaki kwangu peke yangu, na kwangu unabahatishwa.

"Kama hakuna anayejua," Ufutio akasema, "nafuta."

Akateremka kwenye kioo, akapanda kwenye shuka, akaanza na viatu.

Nataka kupiga kelele, siwezi, mkeka hauna koo. Kiatu kimoja kimekwenda. Cha pili kimekwenda. Mbelwa anaangalia chini, anaona miguu yake inaishia kwenye vifundo, na kama kawaida yake halalamiki. Anafumba mdomo. Anatulia. Anasema:

"Mama Kidawa."

Ilikuwa sauti yake. Hiyo sikuichora, alikuja nayo mwenyewe.

"Abee, Baba Kidawa."

"Kwa nini umenichora ubavu?"

"Mwalimu alisema mtu akitembea huchorwa kwa ubavu. Ndiyo rahisi kujifunza."

"Ubavu wangu mimi, nikitembea, wewe umeuona lini?"

Ufutio akasita kwenye goti.

Nikafikiri. Ukimbonyeza mtu kiasi kile inafika mahali lazima arefuke, ndiyo kanuni hiyo hiyo, na mimi nikarefuka. Niliinuka kutoka sakafuni kama mlingoti, nikafika kwenye paa, wifi akadondoka, na niseme ukweli sikuumia sana. Huko juu nikaona.

Sisi wa zamani hatukutembea sambamba. Mwanaume mbele, mkewe nyuma, na barabarani hamzungumzi mpaka mfike. Mwanamke akitembea bega kwa bega na mumewe watu walikuwa wanauliza nani kati yao anaumwa. Tangu siku aliyonichukua kwetu mpaka siku alipoacha kutembea, mimi nilimfuata kwa nyuma. Ubavu wake sikuwahi kuuona ukiwa unakwenda. Nimekaa darasani wiki nzima namchora mtu nisiyewahi kumwona, halafu nashangaa kwa nini hanitembelei!

"Sikuwahi," nikasema. "Nilikuwa nyuma yako."

"Basi nichore ulivyoniona," Mbelwa akasema. "Haya mengine unanisingizia."

Ufutio, ambaye sasa alikuwa amebaki kama punje ya mahindi, akasema, "Rekebisha." Hilo likammaliza. Hatukumwona tena.

Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nikaanza upya.

Nachora mgongo wake. Nachora kola iliyokaa upande, ambayo kila siku nilikuwa nainyoosha na kila siku inarudi upande. Nachora kofia. Nachora barabara ya shambani, ile nyekundu inayopita katikati ya michungwa, na safari hii siruki picha. Nachora za kati zote. Mkono unauma, naendelea. Na Mbelwa anaanza kwenda, na anakanyaga. Vikombe vya nyumba fulani huko mbali vinalia.

"Aa," nasikia wifi nyuma yangu. "Huyo sasa."

Naingia kwenye shuka, namfuata. Kofia inapanda, inazama. Inapanda polepole, inazama haraka. Mwalimu Tunu anasema hapo ndipo mchoro unapopata roho, kujua pa kukawia na pa kuharakisha, na mimi pale sikukosea hata kidogo. Ule mwendo wa kofia niliujua kama ninavyojua kupumua. Inapanda, inakawia, inazama. Ningeweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Sasa niangalie miguu, nijue, nimalize.

Nataka kuinamisha shingo. Haiinami. Napapasa kichwani, nakuta kikapu, kimejaa machungwa, kizito. Bila shaka. Lini nilitembea barabara ile bila mzigo kichwani? Ukiwa na mzigo macho yanakaa mbele, wima, kwenye kofia ya mumeo. Ukichungulia chini, machungwa yote yanakwenda bondeni na wewe unayafuata. Nyuma yake nilikuwepo siku zote, na miguu yake sikuwahi kuiona.

Niwaambie jambo. Nilidhani hapo aibu itaniacha, kwa kuwa nimepata sababu. Haikuniacha. Sababu ni ya kuwapa watu. Yule pale mbele alikuwa anachechemea kweli, kila siku, hatua chache kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nalinda machungwa.

Namchora tu. Chini ya kiuno karatasi inabaki nyeupe. Kitu kinanirushia mchanga kwenye vifundo, sijali, barabara ya shamba ina mambo yake. Lakini naona koti linapungua. Kofia inapungua. Kila picha mpya yeye ni mdogo kuliko iliyopita.

"Baba Kidawa! Mbona unakuwa mdogo?"

"Wewe ndiye unayechora," anasema bila kugeuka.

Ni kweli. Kitu kinachokwenda mbali kinachorwa kidogo, nimefundishwa, na mkono wangu umeshazoea kutii. Najaribu kumchora mkubwa, mkono unakataa. Amekuwa kama kidole. Amekuwa kama kiberiti. Penseli nayo imebaki kichwa tu, naishika kwa kucha.

"Baba Kidawa, mguu upi? Niambie! Leo jioni watoto watakuja kukuangalia!"

Akanisikia. Niliona kofia ikisimama. Niliona bega likianza kugeuka.

Lakini si mnaijua kanuni. Mtu akitaka kugeukia huku, anaanza kwa kugeukia kule. Mbelwa akajikusanya, akageuza uso upande ule mwingine kwanza, kuelekea michungwa, ili apate nguvu ya kunigeukia. Nikashika kikapu kwa mikono miwili, nikasubiri uso wake uje.

Nikaamka.

Jogoo wa jirani alikuwa anawika, na mwanga ulikuwa umeanza kuingia kwenye nondo za dirisha. Nimelala chali. Nikakaa pale kitandani, nimekasirika, nikamlaumu Mwalimu Tunu na kanuni zake zote, maana bila hizo ningemwona mume wangu uso. Kisha nikajiambia, Mwajabu, tulia, ni maharage ya jana usiku. Nikateremsha miguu.

Kanga niliyolala nayo ilikuwa na vumbi.

Sakafu yangu ni ya saruji, naipiga deki mwenyewe kila jioni, na nje sikutoka. Vumbi lilikuwa jekundu, la barabara ya shambani, na lilikuwa upande mmoja tu. Pindo la kushoto safi kabisa. Pindo la kulia limechafuka kwa mkunjo mzuri, kama mtu alikuwa ananirushia kwa kiatu, hatua kwa hatua, kwa muda mrefu.

Nikalishika, na mikono ikakumbuka kabla yangu. Kila tuliporudi shamba nilikuwa nasugua kanga upande ule, upande wa kulia, nasugua mpaka maua yanafifia huku kwingine bado yanang'aa. Nililaumu sabuni. Nikalaumu wenye duka wanaouza kanga mbovu. Mguu wa mtu aliyekuwa ananitangulia sikuwahi kuulaumu, hata siku moja.

Wa kulia.

Nikawasha taa ya kioo nilichoazima darasani, nikakaa, nikamchora upya kutoka nyuma, na za kati zote. Hapa ninapoandika picha zimepangwa, ziko tayari kupelekwa ukumbini. Anakwenda, anaburuta ule wa kulia, kofia inapanda, inakawia, inazama.

Jioni wifi Mwantumu ataniuliza nimekumbukaje. Nitamwangalia kwa mshangao mkubwa, nimwambie, "Haa, wifi! Mke asahau mguu wa mumewe?" Na yeye atasema hata yeye alijua ni wa kulia, na mimi nitamwitikia. Kanga nimeisukuma uvunguni, nyuma ya masufuria, mahali asipochungulia. Sijaifua.